Mafundo Elfu Sita

Kiwanda cha kufungasha saladi pale Tyseley, Birmingham, kiliruhusu kucha za kila namna mradi zisionekane, na ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Mize ulionekana. Tangu baridi ianze alikuwa akiuficha. Alfajiri huufunga kwa plasta, akavaa glovu ya buluu, juu yake akavaa glovu nyingine, na kutwa nzima akapanga majani ya saladi kwa vidole tisa. Jumatatu hiyo ya mwezi wa nne, mwaka 2018, plasta iliteleza na glovu zote mbili zikatoboka. Kipande cha buluu kidogo kama gamba la kitunguu kikaenda na mashine. Mashine ikasimamishwa dakika ishirini, pakiti mia nne zikatupwa, na wanawake kumi na wawili wakasimama wakimtazama Mize.

"Kuja hapa kando," alisema Dalmar. Dalmar ndiye msimamizi wa zamu, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Kiingereza alikitumia kwa kutoa amri. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya mtu asiyetaka kumuumbua mbele ya wenzake.

"Hiyo kucha nimeiona tangu January," alisema. "Nimenyamaza. Lakini leo line imesimama, na mimi lazima niandike kitu. Niandike nini?"

"Andika glovu mbovu."

"Glovu haina makosa, Mize. Wacha nikuambie vile itakuwa. Leo ni Monday. Monday ijayo ukija na hiyo kucha, kadi yako itakataa kwa mlango, na mimi sitakuwa na la kusema."

"Nikiukata utachukua miezi mitano kuota tena."

"Kwani ni ya nini? Unapiga gitaa?"

"Ndiyo chombo changu cha kazi."

Dalmar akatazama ile mikanda ya saladi, kisha akamtazama yeye. "Si kazi yako ni hii?"

Mize alichukua glovu mpya. Jibu lilikuwa linangojea Jumamosi.

Kazi yenyewe ni hii. Unashika hariri nyeupe, unaisukuma kutoka chini kwa ncha ya ukucha mpaka itokeze kinundu kidogo kama punje ya choroko. Kinundu hicho unakizungushia uzi mara sita au saba na kukikaza, kisha bila kukata uzi unahamia kinundu cha pili. Ukimaliza unatia nguo kwenye rangi. Penye fundo rangi haiingii, pakabaki nukta. Unafunga tena, unatia rangi ya pili, na nukta kwa nukta panatokea maua, tausi, au chochote ulichokikusudia. Wahindi wenyewe wanaiita bandhani. Mize alifundishwa Unguja na jirani yao, Bi Kastur, bibi wa Kihindi aliyekuwa mkali kama pilipili, aliyempiga vidole kila alipolegeza uzi. Sindano haisaidii kitu hapo. Sindano inatoboa hariri, ukucha unaibembeleza.

Mtandio wa kwanza ulikuwa umekwisha jana yake, Jumapili. Ulikuwa mwekundu wenye nukta nyeupe na za njano, kazi ya miezi mitatu ya jioni na mwisho wa wiki, na ulikuwa umeahidiwa kwa Lakhbir, mwenye duka la nguo za harusi katika Stratford Road. Lakhbir alisema akiupenda huo mmoja atatoa oda ya ishirini, ya msimu huu wa harusi na wa mwakani. Mtu mwenye oda ya ishirini hana haja na saladi.

*

Nyumba yao ilikuwa Bordesley Green, moja katika safu ya nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, na vyumba vyake viwili vya juu vilikuwa kimoja cha Mize na mumewe Idarous, na kimoja cha mama yake Idarous, Bi Asmahan. Chumba cha Bi Asmahan ndicho kilichokuwa na kabati lenye bomba la maji ya moto, kwa hivyo ndicho kikavu, na humo Mize akautundika mtandio.

Aliyeuona bila kujua hangesema ni nguo. Ulikuwa umejikunyata wote, umejaa vinundu na uzi, mita mbili na nusu zimekuwa hazifiki mkono mmoja. Na hivyo ndivyo ulivyotakiwa kwenda. Bandhani ya mkono huuzwa na mafundo yake. Mnunuzi anashika ncha hii, mwenziwe ncha ile, wanavuta, na mafundo yanafyatuka kwa mlio kama mahindi ya bisi. Nguo inafunguka mbele ya macho yao mara ya kwanza. Hapo ndipo mtu anapojua hakuuziwa iliyochapwa na mashine. Lakhbir alikwisha kumkumbusha kwenye simu mara mbili: ulete na mafundo.

"Jumamosi naupeleka," Mize alimwambia mumewe jioni ile, akimsimulia habari ya glovu.

Idarous alikuwa akifanya kazi ya vyuma, naye Tyseley, na alikuwa mtu wa kuhesabu mlango wa kutokea kabla hajaingia. "Na akiukataa?"

"Hawezi kuukataa. Kizuri chajiuza."

"Mie nasema akiukataa. Utakata ukucha?"

"Nitakata. Nitarudi kwenye saladi na mambo yatakwisha." Alikula matonge mawili ya wali. "Lakini hatoukataa."

Bi Asmahan alikuwa jikoni akikosha vyombo, na maji yalikuwa yakipiga kelele. Alilolisikia ni moja tu: Jumamosi unapelekwa. Hakuna aliyemweleza zaidi. Mize aliamka saa kumi za alfajiri na alilala mapema, kuanzia Jumanne Idarous alikuwa na zamu ndefu za kutwa mpaka usiku, na habari ya mafundo waliiona ni jambo linalojulikana na kila mtu, kama chumvi.

*

Bi Asmahan hakuijua. Alichokijua ni maharusi. Huko kwao Malindi, Unguja, alikuwa amewatayarishia maharusi kumi na mmoja kisutu, ile kanga ya bibi harusi, na katika hao hakuna aliyepelekewa nguo yenye kunyanzi hata moja. Nguo ya harusi inafuliwa, inapigwa pasi mpaka inang'aa, inafukizwa udi usiku na mchana, ndiyo inatolewa. Anayepeleka nguo imekunjamana amemtukana bibi harusi na mama yake.

Jumanne asubuhi alifungua kabati akaikuta ile nguo imejikunyata kwa uzi. Alisikitika. Alimwona mke wa mwanawe anaondoka kiza na kurudi amechoka, na akaelewa: mtoto amefunga yote haya, sasa hana nguvu za kufungua, na Jumamosi hiyo inakuja. Basi akavaa miwani, akakaa kitako kitandani, akatafuta mwanzo wa uzi.

Aliupata. Ulikuwa uzi mmoja mrefu usiokatwa, na Bi Asmahan hakuwa mtu wa kukata uzi mzima. Alifungua fundo la kwanza kwa kucha zake fupi, akasema subhanallah. Akafungua la pili. Kila fundo tasbihi moja, kila tasbihi mia akaweka kokwa ya tende kwenye kisahani. Uzi uliotoka akauviringa, maana alikuwa akishona kofia ya mwanawe na uzi mzuri hautupwi. Alifanya hivyo siku nne, Mize akiwa kazini, na jioni akairudisha nguo kabatini na kufunga mlango. Alitaka iwe furaha ya ghafla. Macho yalimuuma, kidole gumba kilivimba, naye hajapata kufurahi hivyo tangu ashuke kwenye ndege.

Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, kisahani kilikuwa na kokwa sitini na mbili na fundo la mwisho limefunguka. Akairoweka nguo, akaikausha, akaipiga pasi ya moto kiasi, akachoma udi.

*

Mize aliusikia ule udi tangu mlangoni. Alidhani wana wageni. Alipanda ngazi akivua koti, na Bi Asmahan akamshika mkono, akamfumba macho kwa kiganja kinachonukia, akamwingiza chumbani.

"Haya, fumbua."

Mtandio ulikuwa umetandikwa kitandani, mwekundu, laini, umenyooka kama karatasi. Tausi wanane walikuwa wakitazamana. Nukta elfu sita na mia mbili zilikuwa mahali pake, kila moja. Kwa kweli ulikuwa mzuri. Na haukuwa na fundo hata moja, wala ile mikunjo midogo ambayo fundo huiacha kwenye hariri. Pasi ilikuwa imeifuta yote.

Mize alishika pindo la nguo. Ilimjia sauti ya kupiga ukelele na akaimeza. Alimtazama mama mkwe wake, aliyekuwa amesimama na kidole gumba kilichovimba, akingoja kusifiwa.

"Umeufungua wote wewe?"

"Mmoja mmoja. Siku nne. Sasa ndiyo nguo ya kupelekewa mtu."

"Mungu akupe kheri, Mama," alisema Mize, na akambusu mkono. Kisha akaenda bafuni, akafungua bomba, akalia mpaka akaona aibu kwa maji yanayopotea.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kufunga upya elfu sita kungehitaji miezi mitatu mingine, na nguo iliyokwisha kunywa rangi ya mwisho haifungiki tena. Alinawa uso. Alipokuwa akijifuta alijiangalia kwenye kioo, akajiambia kwamba kazi ni ile ile, na mwenye macho ataiona. Alilala akiamini hivyo.

*

Lakhbir Kaur alizaliwa Kisumu, na Kiswahili alichokuja nacho Birmingham akiwa msichana wa miaka kumi na mitano hakikuwahi kumtoka. Alikuwa na nywele za mvi zilizokatwa fupi na miwani iliyoning'inia kifuani. Jumamosi hiyo alikuwa amewakaribisha wateja wawili, mama wa bibi harusi na wifi yake, waje wauvute mtandio wenyewe. Aliwawekea chai na viti.

"Karibu, Mize. Lete, lete. Hawa wamengoja tangu saa nne."

Mize aliutoa kwenye mfuko na kuutandaza juu ya meza ya kioo. Harufu ya udi ilijaa duka.

Lakhbir aliinama juu ya meza. Alivaa miwani. Alipitisha kiganja juu ya hariri, akakirudisha, akatafuta penye kukwaruza asipate.

"Mafundo yako wapi?"

"Yamefunguliwa."

"Hiyo naona. Nani amefungua?"

Mize alikuwa amelifikiria swali hilo usiku kucha na jibu lake alilijua tangu Ijumaa. Mama wa mume hatajwi dukani, mbele ya wageni, kwa jambo la kumtia aibu. "Mimi," alisema.

"Wewe fundi? Umefungua, umefua, ukapiga na pasi?"

"Ndiyo."

Wifi mtu aliinuka. Alichovya tishu kwenye glasi ya maji, akasugua pembe ya mtandio, akaitazama tishu kama imetoka rangi, akasugua tena kwa nguvu zaidi. Hakuomba ruhusa. Mize aliuona mkono wake mwenyewe umekunja ngumi, akaukunjua.

"Tazama hapa, Bi Lakhbir," alisema, na ncha ya ukucha wake ikaonyesha nukta moja. "Katikati kuna kitone chekundu. Ndipo hariri ilipotokeza kichwa nje ya uzi. Na hii si duara kamili, na hii jirani yake imelala upande. Mkono wangu ndivyo ulivyo."

"Naona, mama. Lakini siku hizi wanachapa hiyo pia. Wanachapa kitone, wanachapa duara mbovu. Wanachapa mpaka makosa." Lakhbir alivua miwani. "Mimi sisemi wewe ni mwongo."

"Nipe kitambaa, nikufungie sasa hivi mbele yako."

"Kufunga najua unaweza. Mwaka juzi kuna mtu alinifungia sampuli kwa hii meza, nikatazama na macho yangu. Kisha akaniletea kumi, zote print, na nikauza. Wateja walirudi wakanitupia kwa mlango. Ndiyo sababu nilikwambia mara mbili, ulete na mafundo."

Mama wa bibi harusi alimwambia Lakhbir maneno machache kwa Kigujarati, kwa upole, akachukua mkoba. Wakaondoka wote wawili. Chai yao ilibaki.

Lakhbir alikunja mtandio polepole. "Tulisema pauni mia tatu na hamsini. Siwezi. Nitachukua kwa arobaini, niuze kama print. Kukusaidia tu."

"Sijaja kusaidiwa," alisema Mize. Sauti haikutetemeka, na hilo lilimshangaza mwenyewe. "Ule uliochapwa ndio wa arobaini. Huu si uliochapwa. Nipe nguo yangu."

*

"Umemwambia ni wewe?" Idarous aliuliza. Walikuwa chini, sebuleni, na mkasi wa kucha ulikuwa juu ya meza baina yao. Mize ndiye aliyeuweka hapo.

"Ulitaka nimwambie nini? Kwamba mama yako kaiharibu? Mbele ya watu wasiomjua?"

"Nilitaka umwambie kweli."

"Kweli yenyewe haimsaidii mtu. Nguo haina mafundo, na nani kayafungua haibadilishi kitu. Usimwambie, Idarous. Kafanya kwa mapenzi."

"Na ukucha?"

"Kesho. Leo niache nao."

Ngazi za nyumba hizi ni za mbao na zina tabia ya kusengenya. Moja ililia. Bi Asmahan alikuwa amekaa katikati ya ngazi na ushungi begani, na amekaa hapo muda mrefu kuliko wanavyodhani.

"Nimeharibu nini?" aliuliza.

Ikabidi wamweleze. Idarous alieleza, Mize alitazama zulia. Bi Asmahan alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, na uso wake ulikuwa ukishuka kidogo kidogo. Alipoelewa yote, hakulia wala hakuomba radhi. Alimgeukia mke wa mwanawe.

"Ijumaa ulinibusu mkono."

"Ndiyo, Mama."

"Unajua, na ukanibusu mkono."

Mize aliusogeza mkasi pembeni. Bi Asmahan aliinuka, akashikilia ukuta, akapanda juu.

Jumapili asubuhi aliteremka amevaa buibui la kutokea, viatu vya Idi na mkoba. "Duka hilo linafunguliwa Jumapili?"

"Linafunguliwa, lakini Mama..."

"Nipeleke. Uchukue na nguo."

*

Lakhbir alikuwa peke yake, akipanga bangili. Alipomwona Mize alipumua, pumzi ya mtu aliyedhani jambo limekwisha. Alipomwona bibi aliye nyuma yake alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mie ndiye mama mkwe wa huyu. Nguo nimefungua mie. Yeye hakuigusa. Kaja hapa kusema yeye ili anisitiri. Sitaki kusitiriwa kwa kitu kilicho changu."

Lakhbir alimtazama Mize, akamtazama Bi Asmahan. Alikuwa mtu mwenye huruma, lakini kukaa dukani miaka thelathini kulikuwa kumemfundisha kuiweka chini ya meza. "Mama, nimesikia. Lakini wewe ni mzazi wake. Mzazi atasema nini tena? Hata mimi ningekuja kumsemea mtoto wangu."

"Sikuja kumsemea. Nimekuja kueleza," alisema Bi Asmahan, na sasa alikuwa amekasirika. "Siku nne nimekaa. Mafundo elfu sita mia mbili na kumi, kwa tasbihi. Huwezi kunambia nafungua nguo iliyochapwa. Nimefungua nini, hewa? Uzi wake n'nao, nashonea kofia."

Aliingiza mkono mkobani. Ikatoka kofia nusu imeshonwa, ikatoka sindano, ikatoka pakiti ya halwa, kisha likatoka bonge la uzi kubwa kama chungwa. Akaliweka juu ya kioo kwa kishindo, kama mtu aliyetuhumiwa wizi na anarudisha kitu.

Mize aliliona bonge hilo kwa mara ya kwanza. Akasogea karibu na kioo.

Lakhbir naye aliliona, na mkono wake uliokuwa ukienda kwenye bangili ukasimama njiani. Alivaa miwani. Akashika ncha ya uzi akaivuta. Uzi haukunyooka. Ulikuwa umejikunja kila baada ya inchi moja, pete ndogo zilizokazwa juu ya kitu na kuachwa wiki nyingi, na rangi yake ilikuwa ikibadilika: nyekundu upande uliotazama rangi, nyeupe upande uliojificha, nyekundu, nyeupe, halafu mahali penye kufungwa mwanzo ikaingia na njano. Alivuta yadi moja. Alivuta nyingine. Aliitandaza juu ya meza yote na bonge halikupungua.

"Fungua nguo," alimwambia Mize.

Mize akautandaza mtandio. Lakhbir akaulaza uzi juu ya shingo ya tausi wa kwanza, pete moja kwa nukta moja, yenye njano penye nukta nyeupe, isiyo na njano penye nukta ya njano, akafuata nukta kumi, akafuata ishirini. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Kisha akauachia uzi.

"Hii," alisema taratibu, "hakuna mtu anachapa."

Alivua miwani, akaifuta. Basi lilipita nje.

"Mama," Lakhbir akasema, "ulifungua kwa siku ngapi?"

"Nne."

"Unajua hii inafunguliwa vipi? Watu wawili. Huyu anashika hapa, huyu anashika pale, wanavuta. Dakika moja."

Bi Asmahan akamtazama Mize. "Dakika moja?"

"Hata haifiki, Mama."

"Na hamkunambia." Akavuta kiti cha wateja, akakaa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mize alidhani analia, akamwinamia, akamkuta anacheka mpaka ushungi umemwanguka. Lakhbir akaanza kucheka naye. Mize akacheka mwisho, na ndiye aliyechelewa kunyamaza.

Baada ya hapo yalikuja mambo ya biashara. Lakhbir, ambaye biashara haikumtoka hata akiwa anafuta machozi, alisema ataweza mia tatu, kwa kuwa mtandio hauna mafundo na wateja hawatapata raha ya kuvuta.

"Bei ni ile ile," alisema Mize.

"Lakini haina mafundo."

"Mafundo unayo mkononi."

Lakhbir alitazama uzi uliozunguka vidole vyake. Alikubali, akasema wale wawili wa jana atawapigia mwenyewe. Akataka na lile bonge, aliweke dirishani pamoja na nguo, kila anayepita aone nguo na uzi wake. Bi Asmahan alikataa papo hapo.

"Na kofia ya mwanangu niishonee nini?"

Walipatana kwa mashada manne ya uzi mpya wa hariri, na Bi Asmahan aliyachagua mwenyewe, bila haraka. Oda ya ishirini ikaandikwa, wa kwanza mwezi wa saba, yote na mafundo. "Na pasi," alisema Lakhbir akimfungulia mlango, "mfiche huyu mama."

*

Jumatatu Mize alifika Tyseley saa kumi na moja na nusu kama kawaida. Dalmar alikuwa mlangoni na karatasi zake.

"Umekata?"

Mize alivua glovu ya sufi. Ukucha ulikuwa pale pale, umepakwa mafuta. Akampa kadi ya mlango, ufunguo wa kabati na koti jeupe lililofuliwa na kukunjwa.

"Haki, unaacha kazi juu ya kucha?"

"Nimepata oda ya mitandio ishirini, Dalmar."

Dalmar alitafakari. "Ukirudi, urudi na vidole kumi," alisema, akampa mkono. Na Mize akarudi nyumbani kwa miguu, akipita kando ya magari ya takataka na mageti ya viwanda, jua likianza kutoka.

Alimkuta Bi Asmahan dirishani. Miguuni pake palikuwa na visahani viwili vya kokwa za tende, kimoja kitupu na kimoja kimejaa. Mapajani alikuwa na kitambaa cheupe cha kujifunzia, kile ambacho Mize alimpa usiku alipokiomba, akidhani ni mzaha. Kucha zake zilikuwa fupi bado, kwa hivyo alikuwa akisukumia kwa kokwa ya tende, ulimi nje kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mize aliinama atazame. Palikuwa na mafundo matatu. La kwanza legelege, la pili limepinda, la tatu limekaza vizuri kabisa.

"Mama, umeanza saa ngapi?"

"Tangu alfajiri." Bi Asmahan hakuinua macho. "Nilifungua elfu sita mia mbili na kumi, mwanangu. Bado elfu sita mia mbili na saba. Washa taa, kaa hapa, uniangalie uzi usilegee."